Kamba kwenye Mti wa Josué

Jumatatu ile watu wawili walipoteza bahati yao kabla ya saa sita mchana. Wa kwanza alikuwa msichana aitwaye Merveille. Wa pili alikuwa Dany, mtoto wa fundi viatu wa karibu na soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Kila mmoja alikaa mbele ya kompyuta katika chumba cha mtandao akiwa amevaa nguo za kanisani, na kila mmoja alianza vizuri usaili wa kuomba nafasi ya masomo. Waalimu watatu wa chuo cha ng'ambo walionekana kwenye kioo, wakacheka naye, wakamwuliza jina. Kisha upepo ukainuka. Nyuso za wale waalimu zikaganda, midomo wazi, macho yote yametazama upande mmoja, kama watu waliosikia mlango ukifunguliwa nyuma yao. Sauti zikakatika, zikarudi, zikakatika tena. Kanuni ya chuo ilikuwa imebandikwa ukutani: mazungumzo yakikatika mara tatu, mwombaji anahesabiwa kuwa hakufika.

Dany alitoka nje, akakaa kwenye kivuli cha ukuta, akavua tai aliyoazima. Aliikunja vizuri sana, kwa sababu mwenye tai naye alikuwa na zamu yake Ijumaa.

Alhamisi saa nne asubuhi ilikuwa zamu ya Annuarite.

Annuarite alikuwa na miaka kumi na minane. Baba yake Lwaboshi na mama yake Odette walikuwa watu wa Fizi, Kongo, lakini kambini hakuna aliyewaita kwa majina hayo. Waliitwa Baba Josué na Mama Josué, kwa jina la kifungua mimba wao. Josué alikufa kwa malaria mwaka 2009, akiwa na miaka kumi na mmoja. Jina la uzazi halifi na mtoto. Kwa miaka minane watu walimtaja marehemu asubuhi na jioni, kwenye bomba la maji na kwenye foleni ya chakula, bila kumfikiria.

Sasa, mwezi huo wa Septemba 2017, walianza kumfikiria. Mtandao wa kasi, ambao Wakongo waliuita réseau, ulikuwa umefika kambini mwezi wa nne. Kabla yake, picha moja ilichukua muda wa kuchemsha maharagwe. Baada yake watu waliona nyuso za ndugu zao wa Uvira na Bukavu zikicheka papo hapo. Waliona hata vumbi juu ya meza zao. Kilichouleta ni chombo cheupe kama sahani, kilichofungwa juu ya nguzo ya chumba cha mtandao. Kilitazama mnara ulioko kwenye kilima upande wa pili, na kati ya sahani na kilima yalikuwapo makaburi ya kambi. Tangu upepo wa Agosti uanze, mtandao ulikufa kila asubuhi na kufufuka jioni. Wanawake kwenye bomba walisema kwamba kule makaburini kuna mtu anayeshika maneno yanapopita.

*

Jumanne, kwa ajili ya zamu ya binti yake, Lwaboshi alikwenda Lilongwe pamoja na Cyrille, kijana wa Bukavu aliyekuwa fundi wa ule mtandao. Walitoka na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, ambayo Lwaboshi aliikunja mara nne na kuiweka ndani ya kofia, kwa sababu mfuko wake ulikuwa umetoboka. Ofisi ya kampuni iliyoweka mnara ilikuwa ndani ya nyumba ya kawaida katika mtaa wa Area 18. Mlinzi aliwaambia viti vya barazani ni vya wateja. Wakakaa juu ya makreti ya soda karibu na lango tangu saa tatu hadi karibu saa saba, huku wateja wakiwapita na kuwaamkia wale wengine waliokaa vitini.

Mwenye kampuni, Bambo Mtalimanja (bambo ni bwana kwa Kichewa), hakuwa mtu mbaya. Alipowapokea aliomba radhi, akatandaza mezani ramani ya Dowa, wilaya iliko kambi. Aliuliza mtandao unakatika saa ngapi, na upepo unatoka wapi. Kisha akachukua rula na penseli, akapiga mstari kutoka kilimani hadi kambini. Alimwuliza Cyrille kama mwezi wa nne, walipopima, kulikuwa na upepo. Cyrille alijibu kwamba siku ile hata moshi ulipanda wima. Bwana yule akatikisa kichwa. Akaeleza polepole, kwa Kiingereza ambacho Cyrille alikitafsiri, kwamba mawimbi haya ya kasi ni kama macho: hayaoni kupitia majani. Pembeni mwa mstari, karibu kabisa, kuna kitu kirefu. Kukiwa kimya, kinasimama kando. Upepo ukivuma, kinainama na kuingia katikati ya njia.

Akaweka nukta ya penseli kwenye ramani.

"Hapa," akasema. "Hapa kuna nini?"

Lwaboshi alitazama ile nukta ndogo nyeusi, na hakuhitaji kutafsiriwa.

Kwao Fizi, kaburi la mtoto haliachwi bila mti ulio hai. Huchomekwa fimbo ya mti fulani wenye maziwa, ambao huota hata bila mizizi, na hubaki mfupi, wa kivuli kipana, mama apate kukaa chini yake. Josué alipokufa, Lwaboshi alitafuta mti ule siku mbili katika vijiji vya jirani na hakuupata. Wiki hiyo shirika moja lilikuwa linagawa miche ya mikaratusi kwa ajili ya kuni. Akachukua mmoja, akaupanda kichwani mwa kaburi. Alikuwa mpasua mbao tangu ujana. Alijua vizuri mkaratusi ni mti wa namna gani. Lakini siku ile alitaka tu kitu kibichi cha kuchomeka ardhini. Mikaratusi mingine yote ya makaburini ilikatwa na watu wakapikia. Ule mmoja ulibaki, kwa sababu Odette aliulinda kama mtu anavyolinda mbuzi, na kwa miaka minane ulikimbilia juu, mwembamba na mweupe, ukimwaga maganda yake marefu juu ya kaburi.

Bambo Mtalimanja alisema nguzo ndefu zaidi ingefika mwezi wa kumi na moja, ikiwa bandari haitachelewesha. Njia ya haraka ilikuwa shoka. Akawasindikiza hadi mlangoni, na mlinzi akawauliza kama wamepata kazi waliyokuja kuomba.

Walipofika mtaa wa Kawale kupanda basi, Lwaboshi alimshika Cyrille mkono. "Usimuambie mama yake," akasema. "Nitamuambia mi mwenyewe."

*

Odette alikuwa kwenye cherehani alipoambiwa. Hakuacha kushona hadi mshono ukafika mwisho.

"Unasema Josué njo anakata réseau?"

"Sikusema Josué. Nimesema muti."

"Iko kitu kimoja."

Lwaboshi alimweleza habari ya macho na majani. Alimweleza kwamba haitakuwa kuua. Mkaratusi haufi kwa kukatwa, huchipuka tena kutoka kwenye kisiki.

"Basi tukukate we shingo," Odette akasema, "tuone kama utachipuka."

Annuarite alikuwa nyuma ya pazia na madaftari yake. Alisikia kila neno. Alijua majibu ya maswali arobaini kwa Kiingereza, alikuwa ameyakariri akipika, akichota maji, akienda kanisani. Alitaka kwenda. Alitaka sana hata aliona aibu. Na alijua kwamba kati ya watu wote waliomo kambini, hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mti ule isipokuwa mwenye maiti, na mwenye maiti alikuwa mama yake.

Baadaye mama alimjibu mumewe jambo ambalo hakuwa ameulizwa. "Miaka munane hakusumbua mutu. Leo dada yake anataka kwenda, njo anasimama mu njia. We unaona ni upepo. Mi naona mutoto anauliza: muko naniacha na nani?"

Jioni wazazi wa waombaji waliobaki walikuja, wakiongozwa na mzee Ntirampeba, Mrundi mwenye sauti ya upole. Walikaa chini kwenye mkeka ingawa walipewa viti. Hawakuomba lolote. Walisifu ushonaji wa Mama Josué, wakauliza hali ya mgongo wake, wakamwombea marehemu, kisha wakabaki wamekaa mkekani bila kuaga. Vijana waliokuwa wakipita njiani hawakuwa na adabu hiyo. Mmoja alipaza sauti nje ya ua: "Mama Josué, ambia mutoto aturudishie réseau, kesho kuko match." Wenzake wakacheka. Kisha kicheko kikafa ghafla, kama vile walijisikia wenyewe.

*

Jumatano asubuhi Cyrille alikuja kumwomba Odette afike chumba cha mtandao, aone kwa macho yake. Alikwenda kwa sababu dada yake, Mathilde wa Uvira, angekuwa kwenye kioo.

Walikaa watatu mbele ya kompyuta, Odette, Annuarite na Cyrille. Mathilde alionekana, amenenepa, anakula muhogo. Walisalimiana, wakataniana. Cyrille alifungua pembeni kidirisha chenye mstari wa kijani unaoonyesha nguvu ya mtandao, akamwonyesha Odette jinsi unavyotulia. Mara mabati ya paa yakaanza kugonga. Mstari ukashuka, ukapanda, ukashuka, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Uso wa Mathilde ukaganda huku mkono na muhogo vikiwa njiani kuelekea kinywani.

"Endelea kusema," Cyrille akamwambia Annuarite. "Sema kama vile ni kesho."

Annuarite akaketi wima. Akasema kwa Kiingereza jina lake, umri wake, na mahali palipo nyumbani. Akanyamaza.

Na kwenye kipaza sauti, baada ya pumzi moja, sauti ikamrudia. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa nyembamba zaidi, ya mvulana ambaye sauti yake bado haijavunjika, na ilichukua maneno machache tu ikaacha mengine. Jina. Kisha ukimya. Kisha: nyumbani.

Odette alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

Cyrille alieleza haraka, kwa kuwa aliona uso wake. Sauti ya Annuarite inakwenda Uvira, inatoka kwenye simu ya Mathilde, simu inaisikia na kuirudisha. Mtandao ukiwa mbovu inarudi imechelewa, na njiani inapoteza vipande, ndiyo maana inabadilika. Hutokea kila mahali.

"Inapoteza vipande," Odette akarudia.

"Ndiyo, mama."

"Na vile vipande vinaendaka wapi?"

Cyrille aliinama kuinua kile kiti. Mstari wa kijani ulikuwa umelala chini kabisa.

Mchana wote Odette alikaa chini ya mti. Waliopita mbali walimwona ameegemea shina, maganda meupe yakining'inia juu yake. Hakuna mti mwingine uliobaki pale makaburini, kwa hiyo mlio wa majani ulitoka mahali pamoja tu, juu ya kichwa chake. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa mumewe, aliyekuwa akinoa panga bila kujua kwa nini analinoa.

"Weka panga chini. Muti ikiwa karibu na nyumba, na hautaki iangukie nyumba, unafanyaka je?"

"Ninafunga kamba juu. Bantu banavuta upande ingine, mi nakata."

"Basi fanya vile. Bila kukata."

Lwaboshi alimtazama.

"Mutoto mukaidi unamushika mukono," Odette akasema. "Haumukate mukono."

*

Alhamisi saa tatu walikuwa watu kumi na watatu makaburini. Mzee Ntirampeba alileta kamba ya kisima. Dany alikuja ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha kupita, na Merveille pia. Lwaboshi alivua viatu, akajifunga kamba kiunoni, akapanda. Alikuwa na miaka hamsini na minne na hakuwa amepanda mti tangu Fizi. Alipofika mahali ambapo shina ni nene kama mkono wa mtu, alitazama upande mmoja akauona mnara kilimani, akatazama upande wa pili akaiona ile sahani nyeupe ikimtazama yeye. Alihisi kwamba kichwa chake kiko ndani ya kitu kinachopita kati ya mnara na sahani. Hakusikia chochote, lakini nywele za shingoni zilimsimama. Alifunga kamba haraka, akashuka.

Walivuta taratibu, kuelekea upande upepo unakotoka. Mti ulikataa, kisha ukainama, kilele kikaja hatua tatu, nne. Cyrille, aliyekuwa chumba cha mtandao, alimpigia Dany simu: mstari umepanda na umetulia. Washike hapo hapo. Saa nne kamili alipiga tena kusema Annuarite ameanza.

Saa nne na dakika kumi upepo ukaja.

Kamba ilianza kutetemeka mikononi mwao. Haikuvuta kama upepo unavyovuta, kwa kusukuma moja. Ilivuta kidogo kidogo, ikaacha, ikavuta tena, kama mtu anayejaribu kuutoa mkono wake bila kuonekana. Mzee Ntirampeba alisema kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kushika kamba ya namna hii. Odette alikuwa wa kwanza mbele, karibu zaidi na kaburi. Ngozi ya viganja vyake ilikuwa imeanza kuchubuka, na hakuwa anavuta tu; alikuwa akiongea. Aliongea Kibembe, lugha ya kwao Fizi, ambayo Annuarite aliijua nusu tu na ambayo Josué aliijua yote. Alimweleza habari za nyumbani, moja moja, kama mtu anayempa taarifa mgeni aliyekaa mbali. Mwisho akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie: "Mi niko hapa. Mi siende. Muachie dada yako aseme."

Lwaboshi alikuwa chini ya shina, kiganja juu ya gome, akipima mti kama alivyozoea. Upepo ukapiga kwa nguvu moja kubwa, watu wakachimba visigino, kamba ikalia.

Ndipo alipolisikia pasuko ndani ya shina. Halikuwa kubwa. Lilikuwa kama kijiti kikavu kinachovunjwa ndani ya blanketi, na lililia zaidi kiganjani kuliko sikioni. Alijua maana yake kabla halijakwisha.

Kamba ikalegea.

Watu kumi na wawili walisimama na kamba iliyoanguka kama utumbo mikononi mwao, na mti haukurudi. Upepo ulikuwa bado unavuma. Majani yalikuwa yanalia. Lakini kilele kilibaki palepale kilipovutwa, kimeinamisha kichwa kuelekea upande wao. Merveille aliachia kamba akarudi nyuma hatua mbili. Mzee Ntirampeba alivua kofia.

"Mumuache," Odette akasema. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa msichana. "Amekubali." Akamgeukia mumewe. "Baba Josué, umeona? Amekubali mwenyewe."

Lwaboshi hakuondoa mkono kwenye gome. Ndani yake, nyuzi zilizobaki zilikuwa zikiachana polepole, moja baada ya nyingine.

"Nimeona," akasema. "Amekubali."

*

Annuarite alikuja akikimbia, viatu mkononi. Wale waalimu walizungumza naye dakika arobaini na mbili. Mtandao haukukatika hata mara moja. Walimwuliza mambo ambayo hayakuwemo katika yale maswali arobaini, naye akajibu. Alisema yote hayo kwa pumzi moja, akiwa amemkumbatia mama yake, na damu ya viganja vya mama ikaacha alama mbili mgongoni mwa blauzi nyeupe.

"Na ile sauti ingine?" Odette akauliza.

"Haikukuya, mama. Ilikuwa yangu tu."

Odette akaitika kwa kichwa.

Barua ilifika baada ya wiki tatu: amechukuliwa, ataondoka mwezi wa kwanza. Wengine wanne walichukuliwa pia. Dany na Merveille waliandika kuomba nafasi ya pili na hawakujibiwa. Mtandao ulikuwa mzuri sana; vijana walitazama mechi zao hadi mwisho, na walipopita mbele ya nyumba ya Mama Josué walimwamkia kwa heshima. Yeye mwenyewe hakurudi tena chumba cha mtandao. Mathilde alipouliza habari zake, aliambiwa ana kazi nyingi.

Jumapili moja baada ya misa Odette na Lwaboshi walikwenda kufagia kaburi. Mti ulikuwa bado umeinama. Odette alisimama akautazama kwa muda, mkono juu ya macho. Kileleni, majani yalikuwa yameanza kuwa mekundu.

"Ile ni nini?" akauliza.

Lwaboshi aliendelea kufagia. Alikwisha kuyaona siku tisa zilizopita, na kila asubuhi alikuwa akifika mapema kuokota yaliyoanguka.

"Ni jua, Mama Josué," akasema. "Jua la mwezi wa kumi."